Daktari wa Mifugo Aliyefunga Upepo kwa Gundi

Ukitoka Embu kwenda Meru utafika Runyenjes kabla hujafika Chuka. Ni mji wa mteremkoni, upande wa mashariki wa Mlima Kenya, wenye majani chai upande wa juu na kahawa upande wa chini, na udongo wake mwekundu, mvua inyeshapo, humshika mpita njia mguu kama deni. Hapo kando ya barabara, kama ilivyo katika kila mji wa nchi hii, humkosi fundi wa pancha. Mali yake ni karai la maji, pampu, vipande vya tyubu kuukuu, msasa na kichupa cha gundi.

Mtazame akifanya kazi. Anaitoa tyubu ya pikipiki, anaijaza upepo, anaizamisha katika karai na kutafuta mapovu. Akiyaona, anapatia alama, anapakausha vizuri, kisha anapakwaruza kwa msasa mpaka weusi unaong'aa ugeuke kijivu. Anapaka gundi nyembamba, nyembamba kabisa, juu ya tyubu na juu ya kiraka. Halafu, na hapa ndipo mteja mwenye haraka anapoudhika, anaketi na kungoja. Mwenye pikipiki anatazama saa. Abiria wake, mama mwenye kikapu, anauliza kwa nini kiraka hakibandikwi na hali gundi imekwisha pakwa. Fundi hajibu. Anajua kwamba akibandika sasa, kiraka kitabanduka kabla pikipiki haijafika mto Thuci.

Msomaji mpenzi, mabishano hayo madogo kati ya fundi na mwenye haraka yana umri wa zaidi ya miaka mia moja. Yalianzia mbali sana na Runyenjes, katika ua wa nyumba moja mjini Belfast, kisiwani Ireland, na aliyeyaanzisha hakuwa fundi wa magurudumu. Alikuwa daktari wa mifugo. Jina lake watu wengi wamelisoma pembeni mwa tairi bila kujua kwamba ni la mtu aliyezaliwa, akaoa, akazaa, akazeeka na kufa. Aliitwa John Boyd Dunlop.

MTOTO ALIYEZALIWA KABLA YA SIKU ZAKE

Dunlop alizaliwa tarehe 5 Februari mwaka wa 1840 katika kijiji cha Dreghorn, magharibi ya nchi ya Scotland. Wazazi wake walikuwa wakulima. Alizaliwa miezi miwili kabla ya siku zake, na tangu utotoni aliambiwa kwamba mwili wake ni dhaifu na hauwezi kazi nzito. Neno aambiwalo mtoto humkaa. Maisha yake yote Dunlop aliitunza afya yake kama mtu abebaye yai kiganjani, ijapokuwa hakuwa mgonjwa hata kidogo, na hatimaye aliishi miaka themanini na mmoja.

Kwa kuwa jembe halikumfaa, alipelekwa shule. Alisomea uganga wa mifugo mjini Edinburgh, akahitimu mwaka wa 1859 akiwa na umri wa miaka kumi na tisa tu. Alifanya kazi huko Scotland kwa miaka kadhaa, kisha mwaka wa 1867 akavuka bahari kwenda Ireland. Mwaka wa 1871 alimwoa Margaret Stevenson, wakajaliwa mtoto wa kiume na wa kike.

Mjini Belfast kazi yake ilistawi. Siku hizo mji wote ulikwenda kwa miguu ya farasi: mikokoteni ya bandarini, magari ya abiria, mizigo ya viwandani. Farasi akichechemea, biashara nayo ilichechemea. Katika miaka ya 1880 Dunlop alikuwa miongoni mwa madaktari wa mifugo wakubwa katika Ireland nzima, na aliwaajiri watu kumi na wawili wa kupiga farasi viatu vya chuma. Kila siku alikuwa barabarani, akitikiswa na gari lake juu ya mawe yaliyotandazwa katika barabara za Belfast. Huenda mtikisiko huo ndio uliomfundisha zaidi ya kitabu chochote.

BAISKELI YA JOHNNIE

Mwaka wa 1887 mwanawe, Johnnie, alikuwa na umri wa miaka tisa hivi, na alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu. Baiskeli za wakati huo zilivishwa pete ngumu ya mpira mtupu usio na upepo ndani. Juu ya mawe ya Belfast, mtoto alirukaruka kama punje za mahindi katika kikaango. Alimlalamikia baba yake.

Wazazi wengi wangalimwambia mtoto avumilie. Dunlop, aliyezoea wagonjwa wasioweza kusema wanaumwa wapi, aliyachukua malalamiko ya mgonjwa huyu anayesema kwa uzito. Akafikiri kwamba kinachotakiwa kati ya chuma na jiwe si kitu kigumu bali ni mto wa kulalia, na hakuna mto mwepesi kuliko hewa. Lakini hewa haikubali kufungwa. Ukiifungia katika mfuko wenye tundu dogo kama ncha ya sindano, itapita. Basi shida yake ya kwanza ilikuwa hii: namna ya kuunganisha mpira na mpira pasivuje.

Katika mwezi wa Oktoba alichukua mpira mwembamba kama karatasi nene, akaukunja uwe mrija, akazigandisha kingo zake kwa gundi ya mpira. Alichonga gurudumu la mbao, akauzungusha mrija ule, akaufunika kwa kitambaa cha kitani ili usifure kupita kiasi. Yasimuliwa kwamba kitambaa hicho kilikatwa katika gauni kuukuu la mkewe. Kitambaa alikipigilia misumari kwenye mbao, na upepo akaujaza kwa pampu ya kujazia mpira wa kandanda.

Kisha akafanya jaribio ambalo hata mtoto wa shule ya msingi angelielewa. Alilisukuma uani gurudumu la zamani la baiskeli ya Johnnie. Likabingirika, likapungua mwendo, likaanguka kabla ya kuufikia mwisho wa ua. Akalisukuma lile la upepo kwa nguvu zile zile. Likaenda hadi mwisho, likaugonga mwimo wa lango na kurudi nyuma. Hapo Dunlop alijua kwamba amepata kitu. Alichotafuta kilikuwa raha ya mtoto, naye akapata raha na mbio pamoja.

Kufikia mwisho wa Februari 1888 magurudumu ya nyuma ya baiskeli ya Johnnie yalikuwa yamevishwa tairi za upepo, na mtoto akawa mtu wa kwanza kuzijaribu tairi za Dunlop barabarani. Tarehe 23 Julai mwaka huo baba yake aliomba hati ya serikali ya kuulinda uvumbuzi wake, akaipata mwezi wa Desemba.

KICHEKO KILICHOGEUKA KIMYA

Watu walipoziona tairi hizo nene walicheka. Zilifanana na soseji zilizozungushiwa gurudumu. Lakini mwendesha baiskeli mmoja wa Belfast, Willie Hume, hakucheka. Alinunua baiskeli yenye tairi za upepo, na tarehe 18 Mei 1889, katika michezo ya Chuo cha Queen's mjini humo, akaingia katika mashindano manne. Alishinda yote manne, akiwaacha nyuma watu waliojulikana kumzidi mbio.

Miongoni mwa wanariadha wa siku zile walikuwamo wana wa tajiri mmoja wa Dublin aitwaye Harvey du Cros. Tajiri huyo alielewa kwa haraka kwamba kilichowashinda wengine si miguu ya Hume bali ni kilichokuwa chini yake. Mwaka huo huo wa 1889 kampuni iliundwa mjini Dublin, du Cros akiwa kiongozi wake, na Dunlop akaikabidhi hati yake kwa malipo ya hisa. Daktari hakuwa mfanyabiashara wa aina hiyo. Alikuwa na farasi wa kuwatibu.

MPIRA MBICHI NA MPIRA ULIOPIKWA

Hapa, msomaji, hebu tumwache Dunlop kidogo tuitazame gundi yenyewe, maana bila kuielewa hatutaelewa shida iliyofuata, wala hatutamwelewa fundi wetu wa Runyenjes.

Mpira wa asili ni utomvu wa mti. Ukiwa mbichi hunata. Vipande viwili vya mpira mbichi ukivigandamiza hushikana vyenyewe kama udongo wa mfinyanzi. Mwaka wa 1823 Charles Macintosh wa Glasgow aliuyeyusha mpira katika nafta, mafuta mepesi yatokanayo na lami ya makaa ya mawe, akaupaka kati ya nguo mbili na kupata koti lisilopenya mvua. Gundi ya tyubu ni mjukuu wa uji ule wa Macintosh: mpira ulioyeyushwa katika mafuta mepesi yanayoruka upesi.

Lakini mpira mbichi ulikuwa na kasoro. Wakati wa joto ulilainika na kunuka. Wakati wa baridi ulikauka na kupasuka. Mmarekani Charles Goodyear alihangaika nao miaka mingi, akafungwa gerezani kwa ajili ya madeni, akaiingiza jamaa yake katika umaskini, mpaka mwaka wa 1839 alipogundua kwamba mpira uliochanganywa na kiberiti cha unga na kutiwa moto hubadilika tabia. Hauyeyuki tena kwa jua wala kupasuka kwa baridi. Alipata hati yake mwaka wa 1844, akafa mwaka wa 1860 akiacha madeni ya dola laki mbili hivi.

Moto na kiberiti huzifunga nyuzi ndogo sana za mpira, uzi kwa uzi, hata zikawa kama wavu mmoja. Ndiyo maana tairi hudumu. Na ndiyo maana pia mpira uliopikwa ni mgumu kuunga. Mwulize mfinyanzi yeyote. Udongo mbichi ukichanika, utaunganisha kwa kidole na maji. Chungu kikishaokwa na kupasuka, udongo mbichi hautakishika, kwa sababu hali zao zimeachana. Tyubu ya pikipiki ni chungu kilichookwa. Tena uso wake una mabaki ya unga na mafuta ya kiwandani, na gundi iliyopakwa juu ya unga hushika unga, haishiki tyubu.

Ndipo tunapoona busara ya msasa wa fundi. Haukwaruzi ili kupendezesha. Unaondoa uso mchafu, na kuacha mikwaruzo ambamo gundi itaingia. Na kule kungoja kunakomuudhi mteja ni kuyapa mafuta mepesi nafasi ya kuruka. Ukibandika kabla hayajaruka, utayafungia chini ya kiraka, nayo yatatafuta njia ya kutokea kwa kukiinua. Gundi iko tayari isipong'aa tena, na ukiigusa pembeni kwa upande wa kidole hainyonyoki. Viraka vya siku hizi vina upande laini wenye mpira ambao haujapikwa kabisa, na gundi yake huwa na dawa inayoumalizia upishi huo pasipo moto. Kwa hiyo kiraka kizuri hakibandikwi tu juu ya tyubu. Kinakuwa sehemu ya tyubu. Usiushike upande ule laini kwa vidole vyenye jasho na mafuta.

USIKU MZIMA KWA TUNDU MOJA

Sasa turudi kwa Dunlop. Tairi zake za kwanza zilikuwa na ila kubwa: zilibandikwa kwenye gurudumu kwa gundi. Msumari ukiingia, mwenye baiskeli hakuweza kuivua tairi kama tunavyoivua leo kwa vyuma viwili. Ilimpasa aibandue yote, afungue kitambaa, azibe tundu, abandike upya, kisha angoje.

Mwaka wa 1889 mwendesha baiskeli mmoja alifika na tairi ya Dunlop iliyotoboka katika karakana ya ndugu wawili, André na Edouard Michelin, mjini Clermont-Ferrand nchini Ufaransa. Ndugu hao walikuwa na kiwanda kidogo cha vitu vya mpira. Kuishughulikia tairi hiyo kulichukua saa tatu, na bado iliwapasa kuiacha usiku kucha ili gundi ikauke. Asubuhi Edouard aliipanda baiskeli kuijaribu. Baada ya mwendo mfupi, upepo ukatoka tena.

Mtu mwingine angaliilaani tairi. Edouard Michelin alirudi akiwa na mawazo mawili: kwamba tairi ya upepo ni jambo kubwa, na kwamba lazima iweze kuvuliwa na kuvalishwa na mtu yeyote bila gundi. Mwaka wa 1891 walipata hati ya tairi ya kuvuliwa, na mwaka huo huo Charles Terront akaitumia kushinda mashindano ya kutoka Paris hadi Brest na kurudi Paris, mwendo wa kilomita 1,200 hivi. Huko Uingereza nako, katika mwaka wa 1890, Charles Welch alibuni tairi yenye waya ukingoni na William Bartlett akabuni tairi yenye mdomo wa kung'ata gurudumu. Kampuni ya Dublin ilizinunua hati za wote wawili, na ilifanya vyema, kwa sababu muda si muda ilizihitaji sana.

Tangu hapo gundi ilipata mahali pake panapofaa. Haikutakiwa tena kuishikilia tairi nzima kwenye gurudumu. Kazi yake ikawa ile ndogo, ya kushika kiraka kwenye tyubu, na kazi hiyo inaifanya mpaka leo.

HATI ILIYOTOBOKA

Mwaka wa 1890 Dunlop alipata habari mbaya. Aliarifiwa kwamba hati yake haina nguvu. Kumbe Mskoti mwenzake, Robert William Thomson, alikuwa amepata hati ya gurudumu la upepo mwaka wa 1845, Dunlop akiwa mtoto wa miaka mitano. Thomson alivika mirija ya kitambaa chenye mpira ndani ya ngozi ngumu, akayaonyesha magurudumu yake katika bustani ya Regent's Park mjini London mwaka wa 1847. Lakini baiskeli kama tuijuavyo haikuwako, magari ya injini hayakuwako, na mpira mzuri ulikuwa ghali. Uvumbuzi ukaja kabla ya siku zake, ukalala, ukasahauliwa. Thomson alikufa mwaka wa 1873.

Hapana ushahidi kwamba Dunlop alimwibia mtu. Wawili hao waliifikia fikira moja kwa njia mbalimbali, mmoja mapema mno, mwingine kwa wakati wake. Lakini sheria haiulizi nani aliyefika wakati wa soko. Huuliza nani aliyetangulia kuandikisha. Mtu aliyekuwa ameweza kuifunga hewa kwa gundi aliona haki yake ikitoka kama upepo katika tyubu iliyochomwa, wala hapakuwa na kiraka. Kampuni iliokolewa na hati za Welch na Bartlett.

Matata mengine yalitoka kwa gundi hiyo hiyo. Baraza la mji wa Dublin liliishtaki kampuni kwa sababu ya harufu ya mpira na nafta iliyowasumbua wakazi, na kufikia mwaka wa 1893 kazi ya kutengeneza tairi ilihamishiwa Coventry nchini Uingereza. Dunlop, ambaye sasa alikuwa amehamia Dublin, hakuelewana sana na mwendo wa biashara, na mwaka wa 1895 akajitoa. Mwaka uliofuata du Cros aliiuza kampuni kwa pauni milioni tatu. Daktari hakuwamo katika karamu hiyo.

Maisha yake ya uzee hayakuwa ya dhiki. Alikuwa na hisa katika duka la nguo mjini Dublin, na nyumba nzuri katika mtaa wa Ballsbridge. Jina lake na sura yake yenye ndevu ndefu vilienea duniani katika matangazo ya kampuni ambayo haikuwa yake tena. Alifariki huko tarehe 23 Oktoba 1921, akazikwa katika makaburi ya Deansgrange. Moja ya tairi zake za mwanzo imehifadhiwa katika makumbusho mjini Edinburgh, na baadaye sana benki moja ya Belfast iliichapa sura yake katika noti ya pauni kumi.

DENI LISILOANDIKWA

Haingekuwa haki kuyasimulia maisha haya kana kwamba upepo huo haukumgharimu mtu wa Afrika chochote. Tairi zilipoenea katika miaka ya 1890, viwanda vya Ulaya na Marekani vililia kwa njaa ya mpira. Katika Kongo, nchi iliyokuwa mali ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji tangu mwaka wa 1885, watu walilazimishwa kuingia misituni kukinga utomvu wa mitoria. Waliopungukiwa na kiasi walichapwa, wake zao wakashikwa rehani, vijiji vikachomwa, na wako waliokatwa mikono. Dunia ilipopiga kelele, mfalme alinyang'anywa nchi hiyo mwaka wa 1908, lakini waliokufa hawakurudi. Dunlop hakuamuru jambo hilo. Hata hivyo mtoto aliyepanda baiskeli kwa raha mjini Belfast na mtoto aliyemkosa baba yake kando ya mto Kongo waliunganishwa na uzi mmoja wa mpira.

ANALOJUA FUNDI

Tumalizie pale tulipoanzia, maana mtu husoma gazeti apate na la kumsaidia nyumbani. Siku hizi si kila kitu kiitwacho mpira ni mpira, na hilo ndilo linalowaponza wengi. Mchumaji wa majani chai huleta gambuti iliyochanika, anaipaka gundi ya tyubu, na kesho yake inafunguka. Si kosa la gundi. Gambuti nyingi ni za plastiki laini. Fundi mzoefu huchukua sindano ya moto na kuigusa mahali pasipoonekana: plastiki huyeyuka, mpira uliopikwa huungua pasipo kuyeyuka. Asiuvute moshi ule, kwa kuwa moshi wa plastiki hii una sumu. Plastiki itatengenezwa kwa kisu cha moto au kwa gundi yake yenyewe. Gambuti ya mpira halisi itakubali msasa, petroli kidogo kwa kitambaa, na kiraka.

Soli ya kiatu inataka gundi ya mshona viatu, ile ya manjano, inayopakwa pande zote mbili, ikaachwa ikauke mpaka isishike kidole, ndipo ikagandamizwa kwa nyundo. Gundi ya matone inayoshika mara moja huwavutia wenye haraka, lakini ikikauka huwa ngumu kama kioo, na mahali panapokunjwa huvunjika. Tyubu nyingi za siku hizi ni za mpira wa viwandani uitwao butili, unaozuia upepo vizuri kuliko ule wa asili lakini ni mgumu zaidi kushika. Hizo zinataka gundi na viraka vyake, na msasa usiofanyiwa uvivu. Silikoni, kama ile ya pete za masufuria ya mvuke, haishikwi na gundi yoyote ila ya silikoni, na kwa pete ya sufuria ni salama zaidi kununua nyingine. Ama fundi wa akala, yeye alikwisha kata shauri zamani: hutumia misumari.

Gundi hizi zote ziwekwe mbali na jiko na kiberiti, maana mafuta yake huwaka kwa kasi. Na ziwekwe mbali na watoto, kwani kuna vijana wengi mijini ambao harufu yake imewaharibia akili.

Basi, msomaji, siku utakapopata pancha pale Runyenjes na fundi akaketi kando ya tyubu yako bila kufanya lolote, usimsonge. Mkumbuke daktari wa mifugo aliyemsikiliza mtoto wake, akaifunga hewa kwa gundi, akapoteza hati na mali, na bado akaiachia dunia nzima njia laini. Kule kungoja kwa fundi nako ni kazi, na ndiyo sehemu ya kazi isiyoweza kuharakishwa. Subira yavuta heri, na mara nyingine huvuta pia pikipiki mpaka Chuka bila kusimama.